Bolti ya Emil

Verna Dzurko hakupenda maneno akiwa mezani pake, na watu wa karakana walishamzoea. Ukimsalimu asubuhi anakuitikia kwa kichwa. Ukimpelekea umbeya atausikiliza, kwa kuwa masikio yake hayakuwa na kazi nyingine, ila macho na mikono vinabaki kwenye chuma. Chuma chenyewe kilikuwa kibebeo, kipande cha mviringo kinachojaa kiganja, chenye tundu refu katikati. Ndani ya bunduki, kibebeo hurudi nyuma na kwenda mbele kila risasi inapotoka, na ndani ya tundu lake hukaa bolti, kile kichwa cha chuma kinachoifunga risasi mahali pake. Bolti ikipwaya, bunduki inapoteza nguvu. Ikibana, bunduki inakwama, na hakuna mwenye bunduki anayependa kuligundua hilo wakati anapoihitaji.

Karakana ya Curtis Ohler haikuunda bunduki. Ilikaa chini ya kilima, kando ya mto, pale palipokuwa na mgodi wa makaa zamani, na kazi yake ilikuwa vibebeo tu, vinavyopelekwa kwa waunda bunduki wa Pennsylvania na Ohio. Kila kimoja kilipita kwa Verna. Alikipangusa, akatumbukiza bolti isiyofungwa ringi zake za kubania, akakiinamisha mbele ya taa. Bolti ikiteleza yenyewe hadi mwisho, polepole, bila kusukumwa, kibebeo ni kizima. Ikisita hata kidogo, kinarudi kwa Bernie, shemeji yake, aliyekuwa kwenye mashine ya kusugua matundu upande wa pili wa ukuta.

"Shem, bolti imekataa," Verna husema, akikisukuma kupitia kidirisha.

"Bolti au wewe?"

"Bolti. Mimi sijasema kitu."

"Wewe hujasema kitu tangu siku ya harusi yenu," Bernie hujibu, na kukirudisha mashineni.

Bolti hiyo aliitengeneza Emil, mume wa Verna na kaka yake Bernie, kwa mkono wake mwenyewe, alipokuwa yeye ndiye mkaguzi na Curtis bado anavaa kaptula za shule. Mzee Ohler, baba yake Curtis, alikuwa na vipimo vya kununua, vya bei mbaya, vyenye visanduku vya mahameli. Alipoona jinsi bolti ya Emil inavyomaliza kazi upesi, akavifungia kabatini. Tangu hapo ikawa desturi ya pale: bolti ikipita, mjadala umekwisha. Bernie naye, kila akifunga jiwe jipya la kusugulia kwenye mashine, hupeleka kibebeo cha kwanza kwa mkaguzi. Bolti ikiteleza, anaendelea na sinia zima la vibebeo bila kuhangaika na kipimo kingine. Siku Emil alipoanguka mbele ya nyumba yake, koleo la theluji mkononi na moyo umesimama, kiti chake alipewa Verna, ambaye wakati huo alikuwa kwenye kufungasha. Bolti akapewa vilevile.

Emil alikuwa akiipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, basi. Msasa ulikuwa wa Verna. Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi aliona doa la kutu, dogo kama kichwa cha pini. Akachukua msasa mwekundu, ule laini kabisa wa kung'arishia, akaisugua bolti mpaka ikang'aa kama kijiko cha wageni. Dakika zile moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ijumaa iliyofuata hapakuwa na doa lolote, naye akaisugua hivyo hivyo. Miaka ikaenda. Kila Ijumaa, kabla ya kuvaa koti, alikaa na bolti ya mumewe na kipande chake cha msasa, na wenzake wakawa wanapita nyuma yake kwa kunyata, kama watu waliomkuta mtu anasali.

Basi ikafika Kwaresima moja, siku ya Jumatano, Curtis akaja mezani kwa Verna amekumbatia kasha. Curtis alikuwa mtu mwema, mnene, mwepesi wa kutoka jasho, na karakana aliyorithi ilimtisha kidogo.

"Mama Verna, wale jamaa wa Ohio wamerudisha mzigo," alisema. "Wanasema bolti zao zinabana humu kama kiatu cha mtoto cha mwaka jana. Kimoja walishakifunga kwenye bunduki ya polisi. Ikakwama."

"Kuna aliyeumia?"

"Hapana, ilikuwa mazoezini. Lakini ingekuwa siku nyingine je?" Curtis alijifuta shingo. "Niambie kweli. Kibebeo kibovu kinaweza kukupita?"

"Kikifika mezani kwangu, bolti inakisema. Haijawahi kudanganya."

"Najua. Ndiyo maana nasema hivi havikufika mezani kwako."

Hakuna aliyeiona kasoro katika hesabu hiyo. Ilikuwa hesabu ya karakana nzima: kilichopita kwenye bolti ni kizima, hiki ni kibovu, basi hiki hakikupita kwenye bolti. Kilichobaki ni kumtafuta aliyekipitisha mlango wa nyuma.

"Mimi sisemi kitu," alidakia Jolene wa kufungasha, ambaye alikuwa akisema kila kitu, "ila Bernie huwa ananiletea masinia mwenyewe. Hasa Ijumaa, akiwa na haraka zake. Sijui kama yanakuwa yameshakaguliwa. Mimi nafungasha tu."

Ni kweli Bernie alikuwa akibeba masinia. Alianza kuyabeba mwaka mgongo wa Verna ulipomsumbua, na mgongo ulipopona hakuacha. Verna alilijua hilo. Alijua pia kwamba Bernie huchelewa, hutania watu wakiwa na kazi, na kwamba Emil enzi za uhai wake alimfichia ndugu yake makosa mengi. Ndugu hao walikuwa hivyo, mmoja akivunja sahani na mwingine akificha vipande. Kwa hiyo Curtis alipomgeukia na kumuuliza anaonaje, Verna hakuinua macho.

"Shemeji anapenda njia ya mkato," alisema.

Hakuongeza neno, na Curtis hakuhitaji la pili. Kwa mtu asiyesema, kila neno huhesabika kama ushahidi. Curtis akaondoka na kasha lake.

Ijumaa mchana Bernie aliitwa ofisini. Hakukaa sana. Alitoka na koti begani, sanduku lake la vifaa mkono mmoja na kopo la chakula mkono mwingine, akasimama kwenye kidirisha.

"Haya, shem. Mwenzio ndiyo nimekwenda."

"Kwenda wapi?"

"Nyumbani. Curtis kanipa mapumziko yasiyo na mwisho. Tumeagana vizuri tu, hata kahawa nimekunywa."

"Kwa hiyo ni kweli, ulivipitisha."

Bernie alikuna kidevu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyeishi bila mke maisha yake yote, na uso wake ulikuwa umezoea mizaha kiasi kwamba usipokuwa na mzaha ulionekana kama wa mtu mwingine.

"Jioni niko ukumbi wa zima moto, zamu yangu ya kukaanga samaki," alisema. "Njoo ule. Kina mama wa kanisani wametengeneza pirogi za viazi."

Akaenda zake. Verna alikasirika. Alikasirika kwa sababu hakukana, na kwa sababu Emil hakuwapo kumkemea, na kwa sababu kidirisha sasa kilikuwa wazi na upande wa pili mashine imezimwa. Alikagua vibebeo vilivyobaki bila kusikia utani wa mtu, na kazi ikamchosha kuliko kawaida.

Curtis aliondoka mapema kwenda kuuza tiketi ukumbini. Wengine nao wakatoka mmoja mmoja. Verna alibaki, msasa mkononi, lakini bolti haikumtuliza siku hiyo. Akainuka, akaenda ofisini. Kasha la Ohio lilikuwa sakafuni karibu na meza, halijafungwa, na ndani yake mlikuwa na vibebeo vilivyorudi pamoja na bolti mpya moja iliyofungwa kwenye karatasi, ambayo wale wateja walituma ili kuonyesha malalamiko yao. Alitaka kuliona kosa la shemeji yake kwa macho yake mwenyewe. Alitaka bolti ya Emil isite mbele yake, ili hasira zake ziwe na mahali pa kukaa.

Akachukua kibebeo cha kwanza, akakipangusa, akatumbukiza bolti, akakiinamisha dirishani.

Bolti iliteleza mpaka mwisho, taratibu, kama ilivyofunzwa.

Akajaribu cha pili. Ikateleza. Cha tatu vilevile. Alijaribu kasha zima, na bolti ya Emil haikukataa hata kimoja. Ndipo akafungua ile karatasi, akachukua bolti ya wateja, akaitumbukiza kwenye kibebeo cha kwanza. Ilishuka nusu, ikaganda. Akakitikisa. Ilibidi aitoe kwa kuivuta.

Verna alikuwa na akili ya kutosha kujua maana yake. Hata hivyo alikwenda kabatini kwa Mzee Ohler, akatoa maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, kwenye mahameli yake, akaipima bolti. Kisha akalinganisha na kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro ukutani. Bolti ilikuwa imepungua. Si kwa kingi. Unywele ulikuwa mnene kuliko upungufu wenyewe. Lakini karakana ile iliishi kwa vitu vyembamba kuliko unywele.

Bolti ilikuwa ikipungua kidogo kidogo, na yeye ndiye aliyekuwa akiipunguza. Kadiri ilivyokonda ndivyo ilivyozidi kukubali matundu membamba, na Bernie, akiifuata, akawa anasugua pungufu mwaka hadi mwaka bila kujua. Watu wote wale, ambao kazi yao ya kila siku ni kula chuma kwa mawe na msasa, na hakuna aliyekumbuka kwamba msasa unakula chuma. Alitazama vidole vyake. Vilikuwa na vumbi jekundu kwenye kucha, kama kila Ijumaa.

Hapakuwa na mtu. Angeweza kuirudisha bolti kwenye kitambaa chake, Jumatatu akaagiza kipande cha chuma, msasa mpya, chochote, na kutengeneza bolti nyingine kimyakimya yenye kipimo sahihi. Vibebeo vingeanza kuwa sawa tena, watu wangesema ni kwa sababu Bernie ameondoka, na bolti ya Emil ingekaa mezani kwake mpaka siku ya kustaafu. Aliliwaza hilo lote, hatua kwa hatua, kama mtu anayekagua. Kisha akavaa koti, akaitia bolti mfukoni, akatoka.

Ukumbi wa zima moto ulikuwa umejaa. Magari mawili mekundu yalikuwa yametolewa nje kupisha meza, na harufu ya samaki na vitunguu ilikuwa imefika barabarani. Hata wasiokanyaga kanisani hula samaki Ijumaa za Kwaresima, na pesa inanunua mipira ya maji ya wazima moto, kwa hiyo kila mtu anashiba kwa dhamiri safi. Curtis alikuwa meza ya kati na mkewe, midomo inang'aa siagi. Verna akaweka bolti mezani kando ya sahani yake.

"Vilipita kwangu," alisema. "Vyote. Bolti imelika. Nimeila mimi, kwa msasa. Nimeipima kwa kifaa cha baba yako."

Curtis alishusha uma. Alitazama bolti, kisha Verna, kisha bolti.

"Tangu lini?"

"Sijui. Miaka. Vya mwaka huu vyote usiviamini. Vya mwaka jana pia uviangalie."

Midomo ya Curtis ilianza kwenda yenyewe, akiwahesabu wateja: Ohio, wale wa Erie, duka la polisi wa jimbo, yule mzee wa mashindano ya shabaha. Jasho likamtoka. Kisha akasimama ghafla, kama mtu aliyekumbuka jiko.

"Lakini Bernie amekiri!"

"Amekiri nini?"

"Mchana ule, ofisini. Sijamaliza hata kuuliza. Akasema ni kweli, alikuwa akipeleka masinia kwa Jolene bila kukupitishia, ameshachoka, bora aondoke. Kwa nini mtu akiri kosa ambalo hakulifanya?"

Verna aliiacha bolti pale karibu na chumvi, akaenda kwenye dirisha la jikoni, akawapita watu wote waliokuwa kwenye foleni. Bernie alikuwa mbele ya mafuta, aproni kiunoni, uso mwekundu kwa joto.

"Mmoja au wawili?" aliuliza bila kugeuka.

"Ulijua."

Akageuka. Alimtazama, akajua kwamba mzaha wowote hautafaa.

"Jumatano," alisema. "Ulipokwenda kula. Curtis alinionyesha vile vibebeo, nikaona haiwezekani, mimi nimefuata bolti siku zote. Nikaja nikaipima. Nikaipima tena, labda mkono umetetemeka."

"Na hukusema."

"Ningesemaje, shem? Wewe hujioni. Ukiwa na ule msasa Ijumaa, unakuwa kama unamwogesha. Nije nikuambie acha, unammaliza?" Alipangusa mikono kwenye aproni. "Nikaona kazi nitapata nyingine. Wewe Emil mwingine humpati."

Verna alilia. Hakulia sana, wala hakujificha. Machozi yalitoka na yeye akayaacha. Alimpenda Emil, na alikuwa amemkumbuka kwa njia mbaya, na huyu hapa alikuwa amekubali kuitwa mzembe wa kazi ili yeye aendelee. Ilikuwa heshima kubwa kuliko aliyowahi kupewa na mtu. Halafu hasira zikampanda juu ya machozi hayo hayo.

"Na yule polisi?" aliuliza.

"Polisi yupi?"

"Atakayekwamiwa. Siyo mazoezini. Mlangoni kwa mtu. Ulijua tangu Jumatano vile vitu viko kwenye mabunduki ya watu, ukanyamaza, ukaniachia mimi niendelee kuvipitisha. Leo nimepitisha masinia mawili, Bernie! Unaninunulia raha kwa shingo ya mtu nisiyemjua?"

Samaki walikuwa wanaungua nyuma ya Bernie. Ilionekana wazi kwamba katika siku mbili zile, katika mipango yake yote ya kujitoa, huyo mtu hakuwa amemjia kichwani hata mara moja.

"Sikumfikiria," alisema.

"Ulimfikiria nani?"

"Wewe tu."

Alilisema kwa urahisi, kama anayetaja saa, na ni baada ya kulisema ndipo masikio yake yakawa mekundu. Verna alisimama akishika ukingo wa dirisha. Miaka yote ile alimsukumia vibebeo kupitia kidirisha kinacholingana na hiki, na hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu mvivu wa kila kitu hakuwahi kuchoka kumbebea masinia.

"Mimi ndiye niliyemwambia Curtis unapenda njia ya mkato," alisema mwishowe.

"Naipenda kweli. Ila si kazini."

"Hii ilikuwa njia ya mkato."

"Ilikuwa," Bernie alikubali.

"Oya, Bernie!" mtu alipiga kelele kutoka mkiani mwa foleni. "Mnakaanga samaki au mnafunga ndoa? Watoto wana njaa huku!"

Watu walicheka. Nyuma yao, mlangoni, Curtis alikuwa amekwisha kushika simu ya ukumbi, kidole kimoja kwenye sikio la pili, akimwambia mtu wa Erie asifunge kitu chochote mpaka apigiwe tena.

Verna alizunguka, akaingia jikoni kwa mlango wa pembeni, akachukua aproni iliyokuwa kwenye msumari. Akakunja mikono ya sweta. Aliwaondoa samaki walioungua, akawatupa, akaanza kuchovya wengine kwenye unga.

"Jumatatu saa moja uwe kazini," alisema. "Curtis atakurudisha, asipokurudisha na mimi sipo. Tuna makasha ya kufungua, na kila kimoja tutakipima kwa kifaa. Na hasira zangu hazijaisha."

"Sawa, shem."

"Wala usiniite shem sasa hivi. Pindua hao."

Bernie akapindua.